Ada ya leseni ya BBC baada ya 2027, na mahali Idhaa ya Kiswahili inapokula

Hati ya Kifalme inayoipa BBC uhai inakwisha tarehe 31 Desemba 2027. Ilianza kazi 1 Januari 2017, na ndani yake zimo kazi za shirika, bodi yake na masharti yake. Serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa mashauriano Desemba 2025, na swali kubwa ni lile lile linalorudi kila muda wa Hati unapokaribia kwisha: ada ya leseni ya televisheni ibaki, ifutwe, au igeuzwe kitu kingine. Msikilizaji wa Tanga au Bukavu anaweza kusema hayo ni ya Waingereza na pesa zao. Lakini tangu Aprili 2014 sehemu kubwa ya pesa zinazoendesha Idhaa ya Dunia, ikiwemo ile ya Kiswahili iliyoanza Juni 1957, inatoka kwenye ada hiyo hiyo. Ada ikitikisika London, Dira ya Dunia nayo inatikisika.

Tuanze na namna ada yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu nusu ya ubishi unatokana na watu kutoielewa. Kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, kama pauni 14.54 kwa mwezi. Hailipwi kwa kichwa wala kwa seti. Inalipwa kwa nyumba. Anayepaswa kulipa ni yeyote anayetazama televisheni wakati ule ule inaporushwa, iwe ya chaneli yoyote, si ya BBC peke yake, na kwa kifaa chochote, hata simu. Tangu 1 Septemba 2016, anayefungua iPlayer, ile huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, naye sharti awe na leseni hata kama kipindi kilirushwa juzi. Anayesikiliza redio tu halipi kitu. Leseni ya redio ilifutwa Februari 1971. Na anayetazama filamu za Netflix, au video za YouTube zisizo za moja kwa moja, naye halipi kitu.

Hapo ndipo mfuko unapovuja. Sheria iliandikwa wakati kuwa na seti sebuleni na kutazama matangazo ya wakati huo huo vilikuwa jambo moja. Leo kijana wa Manchester anaweza kukaa mwaka mzima mbele ya skrini bila kuvunja sheria na bila kulipa senti. Leseni zilizokuwa hai zilishuka kutoka takriban milioni 24.1 hadi milioni 23.8 kati ya mwaka wa fedha 2023/24 na 2024/25. Pungufu ya laki tatu inaonekana ndogo. Zidisha kwa 174.50 upate zaidi ya pauni milioni 52 kwa mwaka, na mwakani zinatoka nyingine juu ya hizo. Kuna pia wanaokwepa, takriban nyumba moja kati ya nane zinazopaswa kulipa. Kukwepa ni kosa la jinai lenye faini ya hadi pauni 1,000, na wanaotiwa hatiani wengi ni wanawake, kwa sababu ndio wanaokutwa nyumbani mkaguzi anapobisha hodi. Adhabu ya namna hiyo, inayomwangukia aliyefungua mlango, ni vigumu kuitetea, na kila Hati inapojadiliwa inatajwa tena.

Ila kuvuja kwa mfuko si ugonjwa peke yake, wala kwangu mimi si ugonjwa mkubwa kuliko yote. Mkubwa ni kubebeshwa mizigo. Oktoba 2010, kwa mazungumzo ya siku chache tu, serikali iligandisha ada kwenye pauni 145.50, na juu yake BBC ikapewa gharama ambazo awali zililipwa na hazina: Idhaa ya Dunia, sehemu kubwa ya S4C, ile televisheni ya Kiwelshi, kitengo kinachofuatilia matangazo ya nje, hata mchango wa kusambaza intaneti vijijini. Ada ilikaa palepale hadi Aprili 2017. Mwaka 2015 mtindo ukarudiwa. Leseni za bure za wenye umri zaidi ya miaka 75, ambazo serikali ilizianzisha na kuzilipia tangu 2000, zikahamishiwa kwa BBC. Shirika likapiga hesabu likaona mzigo ungefika pauni milioni 745 kwa mwaka, na kuanzia Agosti 2020 likabakiza leseni ya bure kwa wazee wanaopata msaada wa serikali wa kipato cha chini pekee. Lawama zote zikaiangukia BBC, siyo waziri aliyehamisha mzigo. Kisha ada ikagandishwa tena, pauni 159 kwa miaka miwili hadi Aprili 2024, katikati ya mfumuko wa bei mkali kuliko uliokuwa umeonekana huko kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ada ya leseni inalinda uhuru wa BBC dhidi ya serikali, muulize: anayepanga kiwango ni nani? Ni serikali. Ada inapita nje ya hazina kwa namna fulani, lakini mlango wake una ufunguo, na ufunguo uko kwa waziri. Njia yoyote itakayopendekezwa badala yake inapaswa kupimwa hapo kwanza, kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi.

Njia inayopendwa zaidi na wabishi wa mitandaoni ni malipo ya hiari: anayetaka BBC alipe, asiyetaka aachwe. Kwenye karatasi ni haki tupu. Kwenye mitambo ni balaa. Televisheni ya mnara nchini Uingereza inarushwa kwa Freeview, iliyoanza Oktoba 2002 baada ya ITV Digital, iliyotegemea malipo, kufilisika. Freeview ilijengwa makusudi iwe wazi: matangazo hayafungwi kwa siri, na ving'amuzi vingi vya bei nafuu vilivyouzwa havikuwa na tundu la kadi. Ukitaka kumfungia asiyelipa, lazima ubadilishe vifaa kwenye mamilioni ya nyumba, au usubiri hadi kila nyumba itazame kwa intaneti. Leseni za mitambo ya Freeview zinafika 2034, na watakaobaki wakitegemea antena hadi siku ya mwisho ni wazee na maskini. Redio nayo haifungiki kabisa. FM haina kufuli, na redio ya kidijitali ya huko haikujengwa kwa kadi.

Hesabu ya malipo ya hiari nayo ina mtego. Habari inagharimu kiasi kile kile ikitazamwa na watu kumi au milioni kumi. Mwandishi aliyeko Goma halipwi kwa idadi ya watazamaji. Nyumba zikibaki nusu, kila moja italazimika kulipa kama pauni 29 kwa mwezi ili mapato yabaki pale pale, kabla hujaongeza gharama za matangazo ya kuvutia wateja na wale wanaojiunga mwezi wa mashindano ya mpira na kujitoa mwezi unaofuata. Bei ikipanda wengine wanatoka, wakitoka bei inapanda. Kisha vinaanza kukatwa vile visivyouza: vipindi vya shule, okestra, na redio 39 za mikoa ya England ambazo tayari mwaka 2023 zilianza kuunganishiwa vipindi vya mchana na jioni. Sijui mteja wa Birmingham atakayeongeza pauni kwa ajili ya matangazo ya Kihausa au Kiswahili, na sitamlaumu.

Matangazo ya biashara hayahitaji maelezo marefu. ITV na Channel 4 wanakula chungu hicho hicho, na chungu chenyewe kinahamia Google na Meta. Akiongezwa mlaji mkubwa wa tatu, wote watatu watalala njaa.

Kodi ya kawaida ina mvuto wake, kwa kuwa haina wakaguzi wa kubisha hodi na mwenye nacho anaweza kulipa zaidi. Finland ina kodi maalumu ya utangazaji inayofuata kipato tangu 2013. Sweden ilifuata 2019 kwa asilimia 1 ya kipato chenye kodi, ikiwa na kikomo. Hizo zimekaa vizuri kwa sababu kodi ina jina lake na mfuko wake. Pale ambapo pesa zimetupwa tu kwenye bajeti kuu, mambo ni tofauti. Denmark iliamua 2018 kuondoa leseni na kuhamia kodi, na katika makubaliano yale yale shirika la utangazaji la umma, DR, likapunguziwa asilimia 20 ya fedha zake kwa miaka mitano. Mwanzoni mwa 2020 chaneli za DR3, DR Ultra na DR K zikaondoka kwenye televisheni. Ufaransa ilifuta ada yake ya euro 138 mwaka 2022, ikaweka badala yake fungu la kodi ya ongezeko la thamani, lakini kwa muda tu. Ilichukua hadi Desemba 2024 kupata sheria ya kuliweka fungu hilo kwa kudumu. Miaka miwili hiyo mashirika yalipanga kazi bila kujua mwaka unaofuata yatapata nini wala kutoka wapi.

Mfano ambao mimi ningeutazama kwa karibu zaidi ni wa Ujerumani. Tangu 1 Januari 2013 kila nyumba hulipa mchango mmoja, iwe na televisheni au isiwe nayo. Hakuna kuuliza unatazama nini, kwa hiyo hakuna mkaguzi wa kuchungulia sebuleni. Kiwango ni euro 18.36 kwa mwezi. Lakini uzuri wa mfumo ule uko katika nani anapendekeza kiwango. Mashirika yanapeleka mahitaji yao kwa tume huru iitwayo KEF, yenye wataalamu 16; tume inakagua, inakata, inatoa pendekezo; kisha mabunge ya majimbo yote 16 yanapitisha. Desemba 2020 jimbo la Sachsen-Anhalt liligoma kuongeza senti 86, na likazuia nchi nzima. Mahakama ya Katiba ikaamua mwaka 2021 kwamba majimbo yana wajibu wa kuyapa mashirika fedha yanazohitaji, na nyongeza ikaingia kwa amri ya mahakama. Mfumo haujawa salama kwa hilo: tume ilipendekeza euro 18.94 kuanzia Januari 2025, majimbo yakasita, mashirika ya utangazaji ya umma ARD na ZDF yakarudi mahakamani. Hata hivyo tofauti na London ni kubwa. Kule Ujerumani, mwanasiasa akitaka kubana anapaswa kueleza sababu mbele ya majaji.

Kuuhamishia Uingereza kuna kikwazo cha kiofisi ambacho wapenzi wa mfano huu hukipitia haraka. Ujerumani ina daftari la wakazi: ukihama nyumba, unajiandikisha, na ofisi ya mchango inapata anwani yako. Uingereza haina daftari la namna hiyo. Kilicho karibu ni kodi ya halmashauri inayotozwa kwa kila nyumba, na hiyo nayo ina taratibu tofauti England, Scotland na Wales, huku Ireland ya Kaskazini ikiwa na mfumo mwingine kabisa. Kuunganisha inawezekana, lakini usitegemee iwe tayari Januari 2028. Kitakachotokea, kwa maoni yangu, ni ada kubaki kwa jina lake huku wigo wake ukipanuliwa ili kubana wale wa kwenye mitandao.

Sasa twende kwenye Kiswahili. Kwa miongo mingi Idhaa ya Dunia ililipwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kwa ruzuku ya moja kwa moja. Baada ya 2014 ikawa juu ya mlipa ada. Mwaka 2015 serikali ikagundua imejikata mguu, ikarudi na nyongeza ya pauni milioni 289 kwa miaka iliyofuata; hapo ndipo zilipozaliwa idhaa za Kiamhara, Kioromo, Kitigrinya, Kiigbo, Kiyoruba na Pijini. Hivi karibuni mgawanyo umekuwa kama theluthi moja kutoka wizarani na theluthi mbili kutoka kwenye ada. Ruzuku ya wizara ilikuwa pauni milioni 104.4 kwa mwaka, ikapanda hadi milioni 137 mwaka 2025/26. Nyongeza hiyo ni milioni 32.6. Rudi kwenye ile milioni 52 iliyopotea kwa nyumba laki tatu kuacha kulipa, uone kwa nini furaha ya nyongeza ilikuwa fupi.

Panga lilishapita. Septemba 2022 zilitangazwa kazi 382 kuondolewa, na redio za lugha kumi kufungwa, Kiarabu na Kiajemi zikiwemo; redio ya Kiarabu ilinyamaza Januari 2023 baada ya miaka 85. Januari 2025 zikatajwa kazi nyingine 130. Kilichofuata Lebanon kinafaa kukumbukwa na kila anayepanga bajeti: Tim Davie, mkurugenzi mkuu wakati huo, alieleza Oktoba 2024 kwamba masafa yaliyokuwa ya BBC Kiarabu huko sasa yanarusha chombo kinachoungwa mkono na Urusi. Masafa hayakai wazi. Ukiyaachia, hurudishiwi.

Kiswahili kimeponea mara kadhaa kwa sababu wasikilizaji wake ni wengi. Lakini kuponea si kulindwa. Msikilizaji wa Kigoma halipi ada wala hapigi kura Uingereza, na bajeti ikibana, anayekatwa kwanza ni yule ambaye hakuna mbunge atakayepigiwa simu kwa ajili yake. Ndiyo maana BBC yenyewe imekuwa ikiomba serikali irudishe gharama yote ya Idhaa ya Dunia kwenye ruzuku. Ombi linaeleweka, ila lina upande wa pili, na upande huo tuliuona Washington. Tarehe 14 Machi 2025 Rais Trump alisaini amri ya kupunguza shirika linalosimamia Sauti ya Amerika. Siku iliyofuata zaidi ya wafanyakazi 1,300 walipewa likizo ya lazima, na idhaa ya Kiswahili, iliyoanza 1962, ikakatika. Hakukuwa na mashauriano wala muda wa kujiandaa. Vituo vya FM vya Afrika Mashariki vilivyozoea kuunganisha taarifa ya habari vilibaki na nafasi tupu kwenye ratiba. Fedha yote ikitoka kwenye mkono mmoja, saini moja inatosha.

Na pesa ikishapatikana, bado kuna swali la sauti kufika. Njia ni tatu, na kila moja ina bei yake. Masafa mafupi yanavuka mipaka bila kibali cha mtu, lakini mtambo wa kilowati 250 unakula umeme zaidi ya huo kwa muda wote uwapo hewani, na kituo cha Ushelisheli kilichokuwa kikilihudumia eneo letu kilifungwa 2014. FM yake mwenyewe, kama ile 93.9 ya Nairobi, inasikika safi lakini inataka leseni ya masafa, kodi ya mnara na genereta, na nje ya mji inafifia. Ya tatu ndiyo inayobeba mzigo mkubwa: redio washirika zinazopokea kwa dishi au intaneti na kurusha kwenye masafa yao. Ni rahisi, na ni dhaifu. Mmiliki akipata mdhamini wa saa ile ile ya taarifa, anakata. Akipigiwa simu wakati wa uchaguzi, anakata. Tanzania ilipotoa kanuni mpya za maudhui mwaka 2020, kituo cha ndani kilitakiwa kuwa na kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kabla ya kuunganisha vipindi vya nje. Burundi iliifungia BBC 2018 na kuiruhusu tena 2022. Kufunga redio na kuelekeza watu kwenye simu kunapunguza gharama za London kwa kuzihamishia kwenye bando la msikilizaji, na intaneti ndiyo ya kwanza kuzimwa mambo yakichafuka.

Hapa kwetu ada ya leseni haina nafasi ya kufufuka, na Afrika Kusini inaonyesha sababu. SABC, shirika la utangazaji la umma la huko, ina ada ya randi 265 kwa mwaka tangu 2013, na duka haliruhusiwi kukuuzia televisheni bila leseni, ila wanaolipa mwaka baada ya mwaka ni chini ya robo. Kenya na Uganda zilichukua njia nyingine: kulielekezea shirika la umma matangazo ya serikali. Rais Museveni aliagiza hivyo kwa UBC Machi 2023. Machi 2024 agizo kama hilo likatoka Nairobi kwa ajili ya KBC, ingawa baadaye Mahakama Kuu ililifuta. Pesa za namna hiyo huingia, sikatai, lakini kwa mkupuo mmoja zinawanyima vyombo binafsi mteja mkubwa na kumfanya mhariri wa KBC au UBC amtegemee ofisa matangazo wa wizara ile ile anayopaswa kuihoji. Kama ni lazima fedha zitoke serikalini, bora ziwe fungu la miaka mitatu au minne lililopitishwa na bunge, lenye kifungu kinachokataza kupunguzwa katikati.

Hati mpya ya BBC itakapotoka, asiyekuwa na muda wa kuisoma yote atafute sehemu ya Idhaa ya Dunia na makubaliano yanayoambatana nayo. Aangalie kama ruzuku ya wizara imetajwa kwa miaka kadhaa au imeachwa kwa kila bajeti. Kama kuna kiwango cha chini ambacho BBC yenyewe hairuhusiwi kukishusha. Kama idadi ya lugha imetajwa. Na kama kufunga idhaa bado kunahitaji ridhaa ya Waziri wa Mambo ya Nje, kama ilivyo katika makubaliano ya sasa. Sharti hilo la mwisho lina ukali pande mbili: linazuia shirika kukata Kiswahili kimyakimya ili kuokoa chaneli ya nyumbani, na linampa waziri neno juu ya lugha ipi iendelee kusikika.